Majirani Wawili wa Ikondele

Barua ya Boma ilifika Ikondele mwezi wa tano mwaka 1932, wiki ile ambayo baridi ilianza kuuma. Tarishi aliileta kwa miguu kutoka Njombe, akanikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa karani wa baraza. Jina langu ni Linus. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, na katika nchi nzima ya Ikondele ni mimi peke yangu niliyeweza kusoma Kiingereza, tena kwa kukwamakwama.

Nikisema nchi, msomaji asifikirie kitu kikubwa. Ikondele ilikuwa vilima saba na bonde moja kati ya Makambako na Njombe, na mto Luhanzi ukipita chini yake. Mtu mwenye miguu mizuri akianza kuivuka asubuhi, saa nane mchana yuko ng'ambo. Lakini tulikuwa na Mtwa wetu, na baraza letu, na mahali petu pa kuzikia watawala, tangu kabla ya Mjerumani. Mtwa wa siku hizo alikuwa mwanamke, Hulda, mjane wa miaka arobaini na mitano hivi. Kaka yake alipofariki bila kuacha mtoto wa kiume mkubwa, wazee walimweka yeye, wakidhani atashika kiti mwaka mmoja au miwili wakati wanatafuta mwanamume. Huu ulikuwa mwaka wa sita, na hakuna aliyekuwa anatafuta tena.

Nilimkuta shambani akipalilia njegere.

"Kamwene, Mtwa."

"Kamwene, Linus. Umekuja mbiombio. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni barua ya Bwana DC."

Nikamsomea, nikigeuza maneno kadiri nilivyoweza. Serikali imeona kuwa tawala ndogondogo ni nyingi mno wilayani. Kila nchi yenye walipa kodi chini ya elfu moja itaunganishwa na jirani mkubwa. Ikondele ina walipa kodi mia nne na kumi na wawili. Basi watu wa Ikondele wachague kati ya Mtwa Manase wa upande wa Makambako na Mtwa Silvesta wa upande wa Njombe. Bwana DC mwenyewe atakuja mwezi wa tisa kusikiliza jibu barazani.

Hulda aliegemea jembe lake.

"Rudia pale pa kuchagua."

"Wachague yupi kati ya hao wawili."

"Haikuandikwa kwamba tunaweza kubaki wenyewe?"

"Hapana, Mtwa."

"Imeandikwa kwamba hatuwezi?"

Nikaitazama tena karatasi, mbele na nyuma. "Hilo nalo halikuandikwa."

Akainama, akamaliza tuta lake lote. Nikasubiri. Alipofika mwisho alijinyoosha mgongo, akasema, "Usimsomee mtu mpaka Jumapili. Watu wakae na amani siku tatu."

Yafaa nieleze hao majirani. Mtwa Manase alikuwa Mlutheri, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Nyumba yake ya matofali ilikuwa na madirisha ya vioo, na ng'ombe wake walijaza mbuga. Katika miaka minne alikuwa amepewa nchi ndogo tatu, na kila mara alishukuru kana kwamba hakuomba. Mtwa Silvesta alikuwa Mkatoliki, mfupi, mcheshi. Alikaa karibu na Boma, na maafisa walimzoea. Yeye alikuwa amepewa nchi mbili, na ya tatu alikuwa ameikodolea macho. Watu hawa wawili walikuwa wanakua pande mbili za vilima vyetu kama mioto miwili ya kiangazi, na kila mmoja aliogopa kukua kwa mwenzake kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote. Lakini hilo la mwisho sisi hatukuliona mapema. Hulda ndiye aliyeliona.

Pengine mtu atauliza: mlikuwa na uhuru gani, na bendera ya Mwingereza inapepea Njombe? Swali ni halali. Kodi tulilipa, na barabara tulichimba tulipoamriwa. Lakini ng'ombe wako akiibwa, ulisimama mbele ya mtu aliyemjua baba yako na aliyejua shamba lako lilianzia kwenye jiwe lipi. Hukusafiri siku nzima kwenda kumsubiri karani asiyekujua mlangoni pa Mtwa asiyekujua. Hicho ndicho tulichokuwa nacho. Tulikuwa tumewaona watu wa zile nchi zilizomezwa wakisubiri namna hiyo.

Jumapili ikapita, na barua ikajulikana. Haikuchukua wiki mbili, wajumbe wakaanza kuja.

Wa Manase walikuja na mitamba sita, weupe na wekundu, wazuri wa kutazama. Walisema Mtwa wao anawasalimu watu wa Ikondele kama ndugu, na kwamba kijana wake Danieli, mwalimu aliyesoma misheni ya Kidugala, anataka kumwoa Ida, binti wa Hulda. Siku nne baadaye wakaja wa Silvesta, na wapagazi kumi na wanane wakiwa na mabati ya kuezekea baraza letu, pamoja na ahadi ya shule na mganga wa kugawa dawa.

Kukataa zawadi ya mkubwa ni kumtukana. Kuipokea ni kujifunga. Hulda aliwashukuru wote, akawalisha, wale waliokunywa akawapa ulanzi, pombe ya mianzi, na wale wa Kilutheri akawapa togwa. Kisha akatoa amri mbili. Mitamba wasichanganywe na ng'ombe wetu. Wachungwe peke yao kwenye majani bora, na mtu akiulizwa aseme ng'ombe wa Mtwa Manase wamekuja kututembelea. Na mabati yapangwe juu ya magogo, yafunikwe nyasi yasipate kutu, yasipigwe msumari hata mmoja.

"Mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka wageni waseme wanataka kurudi kwao."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Shida ilianzia ndani. Karibu nusu ya watu wetu walikuwa Walutheri na nusu Wakatoliki, na kwa miaka yote hilo lilikuwa jambo la Jumapili tu. Sasa likawa jambo la kila siku. Mzee Alois, mjumbe mkongwe wa baraza na Mkatoliki, alisema wazi kwamba twende kwa Silvesta tupate shule. Mzee Gideoni, Mlutheri, jirani yake wa shamba kwa shamba, akasema twende kwa Manase kwa sababu ni mtu wa haki na ng'ombe anao. Wazee hawa wawili walikuwa wamechimbiana makaburi ya wazazi. Mwezi wa sita mwishoni, mke wa mtu mmoja wa Gideoni alipofariki, Alois na wenzake walisimama mbali wakati kaburi linachimbwa, mikono nyuma. Lilikuwa jambo geni kwetu.

Kesho yake Hulda aliwaita wote wawili barazani, nami nikiwapo.

"Mzee Alois," alisema, "tumekwenda kwa Silvesta. Umepata shule. Mwaka wa pili ng'ombe wa Gideoni wanaingia kwenye mahindi yako. Unakwenda kushtaki wapi?"

"Kwa Silvesta, Mtwa."

"Na wewe mzee Gideoni, Silvesta amekutoza faini unayoona si ya haki. Utakwenda wapi?"

Gideoni alijikuna kidevu. "Nitakwenda kumwomba Manase anisemee."

"Atakusemea?"

"Atafurahi sana kunisemea."

"Basi hao wawili watapigania wapi?"

Hulda akawaonyesha kwa kidole mlango ulio wazi, bonde, mashamba yao yanayopakana.

"Mimi nilikuwa msichana mwaka wa vita ya Maji Maji," akasema. "Wakubwa walipigana, na moto ulipita kwetu. Hatukuwa tumemkosea mtu. Tulikuwa njiani tu."

Wazee walitoka pamoja. Sikuona kama wamebadilika. Lakini mazishi yaliyofuata walichimba wote.

Nyumbani kwa Hulda mambo yalikuwa magumu zaidi. Ida alikuwa na miaka ishirini, na si kwamba alimpenda Danieli kwa sababu ya baba yake. Walijuana tangu semina ya waimbaji kule Kidugala, na barua za Danieli nilizipokea mimi mwenyewe na kumpelekea. Hulda alijua. Siku moja nilikuwa nje nikinoa kisu cha kuchongea kalamu, nikawasikia.

"Nataka usubiri," mama alisema.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka Boma itoe jibu. Ukiolewa sasa, Silvesta atasema Ikondele imekwisha kwenda na binti. Na nusu ya watu wetu watasema hivyo hivyo."

"Danieli hajaomba nchi. Ameniomba mimi."

"Najua."

"Boma ikichukua miaka mitatu?"

"Sijui, mwanangu."

"Kila mtu wa Ikondele ana mama," Ida alisema. "Mimi ndiye niliyekosa." Akatoka, akanipita bila kuniona, macho yamejaa machozi. Kwa muda mrefu hakula pamoja na mama yake. Hulda alikula peke yake, na kila siku alimwekea binti yake sahani.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo sijivunii.

Mwezi wa saba nilikwenda Njombe kununua wino. Mtwa Silvesta akasikia niko mjini, akaniita. Alinikalisha kwenye kiti, akanimiminia chai yenye maziwa kwa mkono wake.

"Linus, wewe ni mtoto wa misheni yetu," alisema. "Baraza langu litahitaji karani mkuu. Chumba chenye meza, msaidizi, baiskeli. Unaandika vizuri kuliko hawa wote nilio nao."

Nikazungusha kikombe mkononi.

"Sitaki uibe kitu. Nataka majina tu. Wapo watu Ikondele wanaotaka kuja kwangu, ama hawapo?"

"Wapo."

"Basi waandike. Kusema kweli ni dhambi?"

Nilirudi na wino. Katika siku kumi nilikuwa nimezunguka nyumba za Wakatoliki, nikiwauliza kwa sauti ya chini, na nikapata majina thelathini na saba. La kwanza kwenye karatasi lilikuwa langu. Nikaipeleka karatasi Njombe mwenyewe, Silvesta akanipiga begani, nikarudi nikijiona mtu mkubwa. Hali hiyo ilidumu mpaka Jumapili. Baada ya misa nilimkuta mzee Alois, ambaye naye jina lake lilikuwa humo, ameketi nje ya kanisa na kofia magotini. Akaniuliza, "Linus, karatasi ile Mtwa anaijua?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi nilidhani anaijua." Kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nilikwenda barazani mapema. Hulda alikuwa peke yake, anafagia. Nikamwambia yote, pamoja na meza na baiskeli. Aliendelea kufagia mpaka mlangoni, akausimamisha ufagio ukutani.

"Umeandika majina mangapi?"

"Thelathini na saba."

"Lako limo?"

"La kwanza."

Alikaa. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa tayari. Badala yake akauliza, "Kuna uongo kwenye karatasi hiyo? Kuna mtu uliyemwandika ambaye hakutaka?"

"Hakuna."

"Basi ni karatasi ya kweli yenye upande mmoja. Nenda kwa mzee Gideoni, uandike wale wanaotaka Manase. Wote. Usipunguze wala usiongeze. Halafu uwaite watu wote wa karatasi mbili waje hapa."

Wa Gideoni walikuwa arobaini na mmoja. Walipokusanyika wote, watu sabini na nane, Hulda aliwaambia kwamba majina yao atayaonyesha kwa Watwa wote wawili, na asiyetaka aseme afutwe. Walifutwa watatu tu. Sikuelewa anataka kufanya nini, lakini sikuwa na uso wa kuuliza.

Mwezi wa nane tulitembea hadi kwa Manase, yeye, mimi na wazee wawili, Alois na Gideoni. Mbele yetu mitamba sita walikuwa wanaswagwa, wamenenepa mpaka wanang'aa. Manase alitoka nje kutupokea. Alipowaona ng'ombe wake alisimama kidogo, kisha akatabasamu.

"Karibu, dada. Naona wamekula vizuri."

"Walikuwa wageni wema, kaka. Wamependa kurudi kabla ya mvua."

Tulikaa chumba cha madirisha ya vioo. Baada ya chakula Manase alisema, "Nilidhani umekuja kuniambia siku ya harusi."

"Nimekuja kuomba shauri lako," Hulda alisema. Akanipa ishara, nami nikampa Manase nakala ya karatasi ya kwanza, ile niliyoipeleka Njombe. Aliisoma jina kwa jina, akitazama mara moja kwa mzee Alois, ambaye hakuinamisha macho.

"Hawa ni wa Silvesta?"

"Ni wa Ikondele. Ila ukipewa wewe nchi yetu, kila kesi utakayoamua hawa watakimbilia kwa Silvesta, naye atawapokea kwa mikono miwili. Atawaandikia barua za Boma."

"Nitaongea nao. Mimi si mtu mkali."

"Nakujua. Sasa tuseme hukupewa wewe. Tuseme Boma imempa yeye."

Manase aliweka kikombe mezani.

"Kilima chetu cha mwisho upande huu," Hulda aliendelea, sauti ile ile, "mtu akisimama juu yake anaona nini?"

"Anaona ng'ombe wangu wanakunywa maji."

"Karani wa Silvesta atajenga pale."

"Nani amekuambia Boma itampa Silvesta?"

"Hakuna. Na wewe nani amekuambia itakupa wewe?"

Nje watu walikuwa wanawapigia miluzi wale mitamba, wakiwahesabu. Mwishowe Manase akauliza, "Unataka nini, Hulda?"

"Siku ya baraza utaulizwa kama unaitaka Ikondele. Sema unaitaka, hakuna atakayekulaumu. Mimi nitamwomba Bwana DC aulize na swali la pili: usipoipata wewe, nani aipate? Ninachokuomba ni kwamba ulifikirie swali hilo leo, usije ukalifikiria siku ile mbele ya watu."

Alitusindikiza hadi njiani. Tulipoagana alisema, "Danieli ananinunia. Anadhani mimi ndiye niliyezuia."

"Ida ananinunia mimi," Hulda alisema. "Kwa hilo tuko sawa."

Kwa Silvesta tulikwenda wiki iliyofuata, na wapagazi wetu kumi na wanane na mabati yake, hayana hata doa la kutu. Silvesta alikasirika kwanza. Aliniangalia mimi kwa macho ambayo sitayasahau, nami nikayapokea kwa sababu yalikuwa haki yangu. Alipoona karatasi ya Gideoni alicheka, akasema majina arobaini si kitu. Lakini Hulda alipomuuliza barabara ya malori kutoka Makambako inaingia Njombe kupitia vilima vya nani, na Manase akivipata itakuwaje, aliacha kucheka. Malori yale yalimletea kila kitu alichokuwa nacho. Alituaga bila kuahidi neno.

Bwana DC alifika tarehe kumi na nne mwezi wa tisa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na watu walikuja wamejifunika mablanketi, wakakaa kwenye nyasi kuzunguka baraza. Manase alikaa kulia na watu wake, Silvesta kushoto na wake. DC alikuwa Mwingereza kijana mwenye mafua, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alieleza barua yake, kisha akauliza kama watu wamechagua.

Hulda alisimama. "Bwana DC, tumechagua. Ila kabla hujatusikia, tunaomba uwaulize majirani zetu maswali mawili. La kwanza, kama wanatutaka. La pili, kama wao hawatupati, nani atupate."

DC alipenga kamasi, akaonekana kutoona ubaya wake. Akamgeukia Manase.

"Naitaka Ikondele," Manase alisema. "Ni ndugu zetu, nami ningewatunza."

"Na usipoipata?"

Manase alitazama mbele yake, si kwa Silvesta. "Nisipoipata, ibaki yenyewe kama ilivyo."

Watu walinong'ona. DC akamgeukia Silvesta, naye akasema kwa maneno mengi jinsi anavyoitaka, na shule, na mganga, na jinsi Boma ilivyo karibu. DC akarudia swali la pili. Silvesta alimtupia Manase jicho.

"Kama si kwangu," alisema, "basi isiende kwa mtu mwingine yeyote. Wabaki na Mtwa wao."

DC aliandika kwenye daftari lake. Kisha akauliza watu wa Ikondele wanasemaje, na mzee Alois akainuka kabla hajaitwa.

"Jina langu liko kwenye karatasi ya Mtwa Silvesta," alisema. "Nililiweka mwenyewe na siliondoi. Nilitaka shule, bado naitaka. Lakini huyu Gideoni hataki kwenda kule, na mimi siwezi kwenda nikamwacha, maana mashamba yetu hayana mpaka wa kuonekana. Kwa hiyo tumekaa tukaona tubaki."

Gideoni alisema kutoka alipokaa, "Hivyo hivyo."

DC alituambia kwamba yeye hana uwezo wa kuamua peke yake, ataandika Iringa kwa Bwana Mkubwa wa Jimbo. Alisema pia, akifunga daftari, kwamba alikuja akitegemea kuondoka na nchi moja pungufu kwenye orodha yake. Sikujua kama amefurahi au amechoka.

Jibu lilichukua miezi saba. Ikondele itabaki na baraza lake, barua ilisema, kwa kuwa kuiunganisha na upande wowote kunaweza kuleta ugomvi kati ya tawala kubwa mbili. Lakini kulikuwa na masharti. Mtawala wetu ataandikwa Jumbe, cheo cha chini, hataandikwa Mtwa tena. Rufaa zitasikilizwa Njombe, mbele ya watu wa Manase na wa Silvesta wakiwa pamoja. Shule ya Silvesta ilijengwa kwingine, na watoto wetu walitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa miaka mingi. Baraza letu likabaki la nyasi. Wapo waliosema, na hawakukosea kabisa, kwamba tulinunua jina kwa elimu ya watoto.

Nilipomsomea Hulda barua ile, alisikiliza hadi mwisho.

"Jumbe," alisema. "Wewe utaniitaje?"

"Kwenye karatasi, Jumbe."

"Haya. Nenda kamwite Ida."

Harusi ilifanyika Kidugala mwezi wa sita, miezi kumi na mitatu tangu posa. Danieli alikuwa amesubiri. Manase alikuja, na Silvesta alimtuma mtu na blanketi zuri la zawadi, ambalo Ida alilipokea mbele ya wote. Danieli aliomba kazi ya ualimu Kifanya, mbali na baba yake na mbali na mama mkwe wake, na huko ndiko walikokwenda kuishi. Ulikuwa uamuzi wa Ida. Alimuaga mama yake kwa adabu zote, akamshika miguu, akampa mkono. Hakumkumbatia.

Tulirudi Ikondele kwa miguu, Hulda mbele, sisi nyuma. Nilimwona anajifuta uso na upande wa khanga, nikaharakisha nikamfikia.

"Atakuja, Mtwa," nikasema. "Akipata mtoto atakuja."

"Atakuja," alisema. "Nami nitampikia. Lakini ule mwaka hautarudi, Linus. Nilimwomba ule mwaka, akanipa, na hakuwa na mwingine kama huo."

Nilichukua mzigo wake, naye akaniachia, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Tulipanda kilima polepole. Juu kule watu wawili walikuwa wanatungojea tangu mchana na mbuzi waliyekuwa wanamgombea, kila mmoja amemshika sikio moja. Hulda aliwaambia wakalale, waje asubuhi, na mbuzi akafungwa kwangu.